Supu ya Eno Birago

Alhamisi ile Eno Birago alipotia kitu kwenye supu ya mke wa mwanawe, Pokuaa alikuwa ameshika kibua aliyeganda, na mteja aliyekuwa akimsubiri huyo kibua ilibidi asubiri sana.

"Mnamwona?" akasema Pokuaa, akiinyooshea runinga yule samaki. "Mnamwona anavyochota? Kwa mkono wa kushoto. Na yule binti amekaa hapo anamwambia asante mama."

Mteja, dereva wa teksi aliyetaka kuwahi nyumbani, alisema labda ile ilikuwa chumvi tu. Pokuaa alimtazama kwa huruma. Akamweleza kwamba chumvi hukaa koponi, haifungwi kwenye pindo la nguo, na mwanamke anayefungua pindo lake na kumwaga kitu chunguni huku jicho likiwa mlangoni hatii chumvi. Kama kwao chumvi hutiwa hivyo, basi aache kula nyumbani. Dereva akakaa kwenye kreti la samaki, akatazama mpaka mwisho, na alipoondoka alikuwa amesahau chenji yake na nusu ya hasira zake.

Duka la Pokuaa lilikuwa Bantama, jijini Kumasi: mafriza matatu yakinguruma, mizani, na runinga ndogo juu ya friza la katikati. Tamthilia yenyewe iliitwa Mlango wa Nyuma. Ilionyeshwa kila Alhamisi saa moja jioni, na saa hiyo hata wauza mkaa walisogea penye umeme. Habari yake ilikuwa fupi. Eno Birago alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, mtoto akamwoa Akyaa, na Eno Birago akaapa kwamba Akyaa atatoka kwa mlango wa nyuma. Alikuwa ameshamnyang'anya chumba, akamzulia wizi, akamkata nywele usingizini. Sasa alikuwa amefika kwenye supu.

Lakini kwa Pokuaa kutazama kulikuwa nusu ya raha. Nusu ya pili ilikuwa kusema. Kila kipindi kilipoisha alikalia kreti lililopinduliwa, akaisogeza simu mdomoni kana kwamba anataka kuing'ata, akawatumia akina mama wa umoja wa kanisani ujumbe wa sauti.

"Kina mama, habari za jioni," alisema Alhamisi ile. "Mimi sina nguvu. Magoti yangu yamekwisha. Akyaa, mwanangu, wewe una akili timamu? Mwanamke amekukata nywele Jumatatu, Alhamisi unakunywa supu yake? Na wewe mume, umekaa hapo na shati lako la kupigwa pasi, unacheka nini? Pua huna? Kina mama, Mungu akinipa dakika moja na Birago, dakika moja tu, sitampiga. Nitampikia. Halafu nitamwambia aanze yeye."

Akina mama wa kanisani walizituma sauti hizo kwa dada zao, dada wakawatumia waume, waume wakazipeleka kwenye vituo vya magari na vijiwe vya mchezo wa dama, mpaka watu wa mji wa mbali wa Obuasi wakawa hawalali bila kumsikia. Hakuna aliyemjua sura. Kwa sababu ya ule mngurumo wa friza nyuma ya maneno, walimwita Mama Barafu. Siku moja Pokuaa alikuwa akisukwa nywele, akasikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye simu ya mwanamke wa kiti cha pili, na saluni nzima ikicheka hadi kushikana. Alitazama chini akitabasamu, akarudi nyumbani akijiona mrefu kidogo.

*

Raha hiyo yote, hata hivyo, ilikuwa na jirani yake aitwaye uchungu. Binti yake wa pekee, Dufie, alifundisha hesabu shule ya sekondari, alikuwa amevuka miaka thelathini, na hakuna mtu aliyekuwa amekuja kumbishia hodi, yaani kumposa. Pokuaa alikuwa amealikwa kwenye hodi za watu wengine mtaa mzima. Alivaa, akapiga makofi, akala wali wa watu, na kila mara palitokea mama mmoja wa kumwuliza kwa sauti tamu: na sisi utatualika lini? Alikuwa akijibu kwa kicheko. Kicheko kile kilimchosha kuliko kubeba maboksi ya samaki.

Kwa hiyo Dufie aliposema kwamba jamaa zake Oti, yule mpima ardhi mpole mwenye mwanya, wangekuja kubisha hodi Jumamosi, Pokuaa alilifunga friza kwa kishindo, akacheza palepale dukani na aproni yake yenye magamba. Mumewe, Mzee Boaten, aliyekuwa na kawaida ya kusema sentensi moja kwa siku, siku hiyo alisema mbili.

Dufie alijaribu kuongeza jambo. Alikuja dukani na kusema, "Mama, kuhusu mama yake Oti."

"Anauza nini?"

"Hauzi kitu. Kazi yake ni ya..."

"Subiri kidogo, tangazo limeisha."

Alijaribu tena nyumbani, Pokuaa akiwa anapima vitambaa, akaambiwa mkwe ni mkwe, awe anauza makaa au dhahabu. Ijumaa jioni akaacha kujaribu, akaja na ombi.

"Kesho mama, nakuomba, usiseme neno. Hata moja. Mjomba Gyabaa ndiye msemaji wetu. Ukitaka kitu, mnong'oneze yeye."

"Si ndiyo desturi yenyewe? Tangu lini wazazi wa binti wakaongea na wageni moja kwa moja?"

"Desturi naijua. Na wewe nakujua."

Pokuaa alidhani binti yake analionea huruma koo lake, kwa kuwa supu ya Alhamisi ilikuwa imemwacha amepwelewa na sauti. Akaahidi. Dufie alikuwa na sababu zake mbili, na zote mbili ziliingia mlangoni siku ya pili saa nne asubuhi.

*

Wageni waliingia kwa mpangilio mzuri. Mbele mzee Dapaah, msemaji wao, mwenye kifimbo na kikohozi cha heshima. Nyuma yake wajomba wawili, shangazi mmoja mnene mcheshi, halafu Oti akitokwa jasho ndani ya nguo ya kente, na mwisho mama yake, kitambaa cha kichwa kimeshuka hadi nyusi, miwani myeusi usoni. Wakaanza kusalimia kutoka kulia kwenda kushoto, mkono kwa mkono, kama ipasavyo. Mama yake Oti alipofika mbele ya Pokuaa alivua miwani, kwa adabu tu, maana humsalimii mwenye nyumba ukiwa umejificha.

Pokuaa aliyajua macho yale. Aliwahi kuyaona yakichungulia kwenye chungu.

"Eno Birago," akasema. Kisha, kwa sauti ambayo ilisikika hadi kwa jirani: "Nani amemfungulia geti mwanamke huyu?"

Mkono wa mgeni ukabaki umening'inia hewani. Dufie, aliyekuwa akichungulia kwenye pazia la chumbani, alikaa sakafuni. Na mama yake Oti, ambaye jina lake ni Ansaa, hakuonekana kukasirika. Aliinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu aliyesikia wimbo anaoufahamu na hakumbuki aliusikia wapi.

Mzee Boaten alimvuta mkewe nguo, akamketisha. Maji yakaletwa. Pokuaa alijipinda kiti kizima kuona mgeni angepokea glasi kwa mkono gani. Ansaa aliipokea kwa mkono wa kulia.

"Anaigiza," Pokuaa akamnong'oneza kaka yake, Gyabaa.

Mjomba Gyabaa alikuwa mtu wa kutangaza kwenye misiba. Kwa muda wa maisha yake yote hakuwahi kukosa neno, na alikusudia kutokosa siku hiyo. Akawauliza wageni safari yao. Mzee Dapaah akasimama, akaeleza kwamba walikuwa wakipita tu, wakaona ua zuri katika bustani ya nyumba hii, wakaona si vizuri kulichuma bila kubisha hodi. Akaweka mezani chupa mbili za pombe ya jini. Zikipokelewa na kufunguliwa, wamekubaliwa. Zikirudishwa zimefungwa, hawakukubaliwa. Kila mtu chumbani alizitazama zile chupa, na Oti alizitazama kuliko wote.

Pokuaa aliinama sikioni kwa kaka yake. "Waulize ile supu ilikuwa na nini."

Gyabaa alikohoa. "Wageni wetu, mama wa nyumba anawakaribisha sana. Anaomba tu kufahamishwa, kwa heshima, kuhusu mapishi ya nyumbani kwenu."

Mzee Dapaah alimgeukia Ansaa, akasikiliza, akarudi. "Tunamshukuru mama wa nyumba kwa swali zuri. Mapishi ni ya kawaida. Karanga, nyanya, pilipili."

"Na kile cha kwenye pindo la nguo?"

"Mama wa nyumba," akasema Gyabaa, "amevutiwa pia na viungo."

Ansaa alinong'ona. Mzee Dapaah akauliza tena apate hakika, kisha akainua kifimbo. "Kwenye pindo la nguo palikuwa na unga wa muhogo. Mwongozaji alitaka kitu cheupe kinachoonekana vizuri."

Shangazi mnene alicheka ndani ya leso. Pokuaa hakucheka. Alihesabu moyoni yote aliyoyaona kwa macho yake, akaona unga wa muhogo hautoshi, akamtuma Gyabaa akaulize, kama ni unga, mbona kipindi kiliisha Akyaa amelazwa hospitali? Jibu likarudi kwamba anayemwigiza Akyaa aliomba ruhusa aende harusi ya dada yake Accra, na ilibidi apatiwe mahali pa kulala mpaka arudi.

"Kwa hiyo hafi?" Pokuaa akauliza kwa mdomo wake mwenyewe, ahadi na desturi zote zikimtoka.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo Gyabaa alilisimulia kwa miaka. Chumba kizima kilimwinamia Ansaa. Wajomba wa upande wa wageni, shangazi, Mzee Boaten ambaye hujifanya hatazami, hata mzee Dapaah aliyekuwa ameshika kifimbo chake mbele kama askari. Ansaa aliwatazama wote, mdomo ukamchezacheza, akasema kwa kupitia msemaji wake kwamba ametia sahihi ya kutosema. Watu wakarudi nyuma vitini kwa masikitiko.

Kisha akaomba ruhusa ya kusimama na kuongea mwenyewe. Gyabaa hakujua kama desturi inaruhusu, akaruhusu.

"Sauti hii naijua," Ansaa alisema. Hakuwa akimtazama Pokuaa. Alitazama zile chupa. "Nilikuwa nafikiria friza liko wapi. Mwaka jana tulikwenda kubisha hodi nyumba nyingine, kule Suame. Tulikaa hivihivi. Baba wa binti hakutujibu. Alitoa simu, akaiweka mezani kati ya chupa zetu, akabonyeza. Mwanamke akasema, nyie wenye mabinti, hata mtoto wa Birago akija na dhahabu kichwani, fungeni geti. Wakacheka. Hata mimi karibu nicheke, kwa maana alisema vizuri. Halafu wakaturudishia chupa. Mwanangu alizipakata mapajani mpaka nyumbani."

Shangazi mnene aliikunja leso yake.

"Mimi nimezoea," akaendelea. "Mwenye nyanya sokoni hapokei pesa mkononi mwangu. Naziweka chini, anaokota nikishaondoka. Hiyo ni kazi yangu, na inaonyesha naifanya vizuri. Lakini Oti hajaigiza popote, mama. Popote."

Akakaa. Gyabaa aliwahi kabla mtu mwingine hajafungua kinywa, akatangaza kwamba, kama ilivyo ada, nyumba ya binti inaomba muda wa kuuliza habari za ukoo, na vinywaji vitakaa mezani bila kufunguliwa mpaka jibu lipatikane. Wageni wakaondoka bila kula. Pale mlangoni Oti alisimama mbele ya Dufie.

"Ulijua kuwa sauti ile ni ya mama yako?"

Dufie alitikisa kichwa kukubali. Oti akavaa viatu vyake bila kufunga kamba, akaenda zake.

*

Wali ulibaki, kuku akabaki, na makreti ya soda yakabaki yamepangwa uani kama watu waliokuja msibani mapema. Pokuaa aligonga mlango wa binti yake kwa muda mrefu. Ulipofunguliwa, Dufie hakuwa analia. Alikuwa amekwisha kulia.

"Mimi sikutaka kukudanganya, mama," alisema. "Oti alificha kazi ya mama yake kwa watu, kwa sababu ya yale ya Suame. Mimi aliniambia. Halafu nami nikamficha kwamba yule wa kwenye simu ni wewe. Nikasema, kuna siku moja tu ambayo desturi inamnyamazisha mama yangu. Nikadhani siku moja ingetosha."

Pokuaa akatoka, akaenda ukumbini kumtafuta mtu wa kumtetea. Mumewe alikuwa amekaa mbele ya zile chupa mbili.

"Baba Dufie, mimi nilikuwa nazungumzia mtu wa kwenye runinga."

Mzee Boaten alifikiri. "Mama Dufie, mimi nikitazama mpira namtukana mwamuzi. Unanisikia. Lakini sijamfuata kwake."

"Mimi sikumfuata yeyote."

"Ulimfuata. Ile sauti yako inatembea kuliko wewe."

Sentensi za wiki nzima zikawa zimekwisha. Pokuaa akaenda dukani ingawa siku hiyo halikufunguliwa, akakaa kati ya mafriza yake, akautafuta ujumbe ule wa dhahabu na geti. Mwanzo alicheka, maana ulichekesha kweli. Mahali pale aliposema Birago amembana mwanawe kwapani kama pochi alicheka hadi akapangusa macho. Akauchezesha tena. Safari hii alimwona Oti na mwanya wake, amezipakata chupa, nyumba nzima ya watu ikicheka kicheko hichohicho. Akaona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda masikioni.

*

Jumatatu alifunga duka mchana, akachagua samaki wake wazuri kabisa, akawapanga kwenye boksi, akaenda Kwadaso kwa Ansaa. Njiani alikuwa na maneno tayari ya kuomba radhi, yamepangika vizuri, na sehemu moja alikuwa ameiwekea machozi. Nyumba ya Ansaa ilimkuta hajajiandaa. Kwenye tamthilia Eno Birago alikaa ghorofani na makochi ya rangi ya dhahabu. Hapa palikuwa na vyumba viwili, uwanja uliofagiwa, na mwanamke mwenye gauni lililopauka akikaanga karanga kwenye jiko la mkaa. Maneno yote yakamtoka Pokuaa.

"Nimekuja kula," akasema.

Ansaa aliacha kukoroga. "Kula nini?"

"Supu. Yako. Samaki nimeleta mwenyewe."

Ansaa akavuta kigoda kwa mguu. Ukweli usemwe: Pokuaa alikaa juu ya kigoda kile kwa hofu. Alijua ni upuuzi. Alijua ile ilikuwa unga wa muhogo. Lakini alikuwa amemtazama mwanamke huyu akipika tangu msimu wa mvua uliopita, na tumbo halielewi mambo ya mwongozaji. Karanga ziliposagwa alizitazama. Nyanya zilipoingia alizihesabu. Ansaa alipogusa pindo la nguo yake, Pokuaa alisimama nusu, na Ansaa akatoa leso, akapenga kamasi za pilipili polepole kabisa, jicho likiwa mlangoni, kwa namna ileile ya Alhamisi. Wakatazamana. Ansaa ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akashikilia kinu, na Pokuaa akamtukana, akamwita mshenzi, akajikuta naye anacheka.

"Ule ujumbe wa nywele," Ansaa alisema akipangusa macho, "uliposema nimemnyoa mtoto wa watu kama kondoo asiye na mwenyewe. Mwandishi wetu alitusikilizisha wote. Tulishindwa kufanya kazi siku nzima."

"Mnanisikiliza?"

"Kila Ijumaa. Mimi huwa nacheka na wenzangu. Nikifika nyumbani ndipo huwa nasikia vizuri."

Pokuaa aliacha kucheka. Akasema samahani, mara moja tu, bila machozi aliyoyapanga. Ansaa hakusema si kitu. Alifunua chungu, akachukua upawa, akachota. Kisha akasita ghafla, akauhamishia mkono wa kulia, na supu kidogo ikamwagika.

"Mimi ni wa kushoto tangu kuzaliwa," alisema bila kumtazama mgeni. "Nyumbani nilipigwa sana kwa ajili yake. Nikienda kwa watu najibana. Mwongozaji aliniona siku ya kwanza nikichota, akasema, acha hivyohivyo, hivyohivyo ndivyo unavyotisha."

Pokuaa aliwaza maneno yote aliyoyasema juu ya mkono ule. Yalikuwa mengi. Akanyoosha bakuli lake.

"Chota nao," akasema. "Huo wa kulia utatumwagia samaki."

Ansaa akauhamisha upawa, akachota kwa mkono wa kushoto, akajaza bakuli, na Pokuaa akapokea kwa mikono yote miwili. Kijiko cha kwanza alikimeza akiwa amefumba macho. Cha pili aliyafumbua. Baada ya cha tano akatoa simu.

"Kina mama, habari za jioni. Leo hamsikii friza kwa sababu niko jikoni kwa Eno Birago. Jina lake ni Ansaa. Ana mtoto mmoja, anaitwa Oti, na huyo Oti amekuja kubisha hodi kwangu. Mimi niliwaambia mfunge geti. Geti nililowaambia mlifunge lilikuwa la runinga, mimi na nyinyi tukamfungia mtoto wa mtu geti la kweli. Nimekosa. La kwangu nimelifungua. Kuhusu supu: nimeinywa, naendelea kuinywa. Nikifa leo, nimekufa kwa shibe. Na mwenye kuuza nyanya soko la Kejetia, unajijua, upokee pesa ya mwenzio mkononi."

Majibu yalianza kumiminika kabla hajamaliza bakuli. Nusu ya akina mama walilia. Nusu nyingine walisema hii si sauti ya Mama Barafu, mbona friza halisikiki. Mchungaji msaidizi aliandika maombi marefu. Na mama mmoja wa Obuasi, ambaye Pokuaa hakuwahi kumjua, alituma neno moja tu: ameshalishwa. Ansaa alipolisoma alilazimika kukaa chini kwa kicheko.

Ujumbe ulifika kwa Oti kwa njia ya mafundi wake wa upimaji, ambao waliusikiliza wakiwa wamesimama kwenye majani huko Ejisu. Jioni hiyo alisimama nje ya geti la Bantama, kamba za viatu zimefungwa, akamwuliza Dufie kama ipo siri ya tatu. Dufie akamwambia ipo, hajui kupika supu ya karanga. Oti akasema nyumbani kwao hilo halijawahi kuwa tatizo.

Jumamosi wageni walirudi, wakala mpaka wakalegeza nguo. Gyabaa akamwita Dufie, akamwuliza mbele ya watu kama chupa zifunguliwe, akamwuliza tena, na tena, na kila mara Dufie alisema zifunguliwe, mara ya mwisho kwa sauti ya darasani. Pokuaa hakutamka neno. Alikuwa amekaa, machozi yanamtiririka wazi, na yule mama wa kuuliza na sisi utatualika lini alikuwa kiti cha nyuma kabisa, karibu na ndoo.

*

Alhamisi iliyofuata duka la Bantama lilijaa kuliko siku ya Krismasi, kwa kuwa sasa ilijulikana Mama Barafu ni nani, na watu walitaka kuhakikisha kwamba yu hai. Alikuwa hai. Alikuwa ameketi kwenye kreti lake, na kreti la pembeni ameketi mkwe wake Ansaa akitafuna ndizi za kukaanga. Dereva wa teksi naye alikuwepo, amesogeza kreti lake mbali kidogo na Ansaa, kwa tahadhari.

Saa moja ikafika. Akyaa alitoka hospitali. Eno Birago alimpokea mlangoni, akamnyang'anya mkoba, akayatupa mavazi yote kwenye matope, akakanyaga gauni moja moja. Duka likaguna. Ansaa mwenyewe aliacha kutafuna, akatikisa kichwa.

"Huyu mama ana roho mbaya jamani," alisema. "Mpaka gauni la harusi?"

"Mwache," Pokuaa akasema, macho hayatoki kwenye runinga. "Huyo Akyaa naye ana kiburi. Mwangalie macho yake."

"Lakini amemtupia nguo kwenye matope."

"Nyamaza, mkwe, tusikilize. Wewe Birago umemwigiza tu. Mimi nimekaa naye."